Fundo Nililolifungua

Aika mwanangu,

Barua hii nitakupa mkononi. Sitaitia kwenye begi lako, hata ukiniambia niichomeke tu pale juu ya nguo. Miaka yote hii nimetia karatasi kwenye mifuko ya watu wa mikutano, na kama kuna jambo ninalolijua vizuri ni kwamba karatasi iliyotiwa kwenye mfuko haisomwi. Mtu anaufungua mfuko, anatoa kalamu, anapapasa kama kuna peremende, basi. Mada za wataalamu, nimezichapa vizuri, nimezibana pini, nimezipanga kwa siku, zimeishia kufungiwa vitumbua. Hii sitaki iishie kwenye vitumbua vya Kigoma.

Naandika nikiwa dukani. Jua ndiyo kwanza linazama, mlango mmoja nimeufunga na mwingine nimeuacha wazi hewa iingie. Mashine ya fotokopi nimeizima, maana ikinguruma sina ninachokiwaza ila wino. Wewe umekwenda hospitalini kuwaaga wenzako, na umesema utanipitia hapa, hutachelewa.

Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kunywa. Wewe ni mfamasia, hayo unayajua kunishinda. Nyumba utatafuta mwenyewe, na shangazi zako wameshakupa mawaidha ya kukutosha mpaka ustaafu. Mimi nina jambo moja, na tangu Jumapili nimelizunguka kama tunavyoizunguka ile meza yetu ndefu tukijaza mifuko, naokota kila kitu nalo naliacha palepale.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho unaondoka kwenda Kigoma ukiamini kwamba uliniletea sale nami nikalikataa. Sikulikataa, Aika. Sikuliona. Lilikuwa mkononi mwangu na sikuliona.

Najua uzito wake, huna haja ya kunieleza. Kwetu Uchagani mtu akikukosea akakuletea jani la sale limefungwa fundo, huna ruhusa ya kusema hapana. Hata awe amekuchomea nyumba, ukilipokea yamekwisha. Kulikataa ni kumwambia mtu kwamba kwako amekufa. Kwa hiyo najua ulivyonielewa siku ile, na najua kwa nini kwa muda wote huu umekuwa ukiniamkia shikamoo kama unavyomwamkia mwalimu mkuu wa shule uliyokwisha kuihama. Nisikilize mpaka mwisho, halafu utaamua mwenyewe.

Lakini siwezi kuanzia kwenye sale. Lazima nianzie mezani, maana kosa langu lilianzia huko.

Baba yako alipofariki nilibaki na wewe na mashine moja ya fotokopi iliyokuwa inakula karatasi nyingi kuliko inazozitoa. Tukaanza na mitihani ya shule na kadi za harusi. Halafu ikaja ile mikutano. Watu wa Dar na Dodoma wanapenda kukutania Moshi ili wauone mlima, na mlima nao siku hizo hujifunika wingu toka mgeni rasmi anafungua mpaka anafunga. Mimi haikunihusu. Nilichotaka ni mifuko, beji, kamba za shingoni, daftari, ratiba, na meza ya usajili. Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya: kila kitu kwenye rundo lake, na wewe na mimi tunazunguka meza upande mmoja, mkono wa kushoto umeshika mfuko, wa kulia unaokota. Anayezunguka kinyume anavuruga kazi yote. Nilikuwa mkali kwa hilo, na sijutii. Kazi yangu ilikuwa safi. Mshiriki wa kwanza akifika anakuta jina lake linamsubiri, limeandikwa sawasawa, hata kama ni jina refu la kule Kagera. Hilo nalijivunia mpaka leo, usifikiri naandika hapa kujidharau tu.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unangoja matokeo. Ulikuwa mkutano wa wahasibu, kwenye ukumbi wa ile hoteli ya njia ya kwenda Marangu. Watu wamejaa mlangoni, na wewe uko mwisho wa meza. Ukaita kwa sauti, "Mama! Beji za herufi ya M ziko wapi?"

Nikakujibu mbele za watu, "Mama yako yuko nyumbani. Hapa kuna kazi."

Wahasibu wakacheka. Wewe ukainama chini ya meza ukazitafuta mwenyewe, ukakaa huko chini muda mrefu kuliko beji zilivyohitaji. Jioni nikakupa sababu zangu: mteja akisikia mama, mama, atasema hili ni genge la ndugu, kesho atampa kazi mwingine. Sababu ilikuwa ya kweli kabisa. Toka siku hiyo ukawa unaniita Madamu. "Madamu, kamba zimekwisha." "Madamu, mgeni rasmi amefika." Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijiona mkubwa. Nilikutolea wewe mfano kwa wasichana wengine niliowaita kunisaidia: tazameni Aika, akiwa kazini hanijui.

Hayo ndiyo maneno yangu mwenyewe. Akiwa kazini hanijui.

Sasa njoo kwenye mkutano wa wafamasia, ulipokwisha kuhitimu. Mkutano wako wa kwanza, na kazi ya vifaa nimeipata mimi. Hukujua nilivyoipigania kazi ile. Beji yako niliichapa kabla ya beji ya mgeni rasmi. Niliipitisha kwenye plastiki ikatoka na kiputo kidogo juu ya herufi ya mwisho, nikaitupa nikachapa nyingine. Mfuko wako niliuchagulia kitenge chake, ule wenye maua ya bluu, nikauficha chini ya meza usije ukachukuliwa na mtu. Nilikuwa na mchezo wangu kichwani. Nilijiona nikikuvalisha ile kamba shingoni kwa mikono yangu, na watu wote pale mlangoni wajue kwamba huyu mfamasia ni wangu.

Ukaja na wenzako wawili, umevaa lile koti jeupe la suti. Tukatazamana. Nikangoja shikamoo.

Ukasema, "Naomba mfuko wangu, tafadhali."

Mwenzako mmoja akakunong'oneza, lakini mnong'ono wa ukumbini unafika mbali: "Mbona anakukodolea macho? Mnajuana?"

Ukamjibu, "Aa, huyu ndiye mama wa mifuko."

Wakacheka kidogo, wala si kwa ubaya. Nikaingiza mkono chini ya meza, nikatoa ule mfuko wa maua ya bluu, nikakupa kwa mikono miwili. "Karibu sana, mshiriki." Hivyo ndivyo nilivyokuita. Beji ukajivalisha mwenyewe, ukaingia ndani.

Aika, niliumia. Sitaki kulipunguza ili barua iwe tamu. Niliumia mpaka nikamwachia msaidizi wangu meza nikaenda msalani kujifanya nanawa. Na toka siku ile nikafunga fundo moyoni, nikalikaza. Ukipiga simu nakujibu, niko kazini. Ukija nyumbani nakupakulia mtori, nakuuliza kama chumvi imetosha, basi, mazungumzo yamekwisha. Nilikuwa nakungoja uje uniangukie. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyokaa kwenye kochi ukija.

Leo najiuliza: ulikuwa unanionea haya, au ulikuwa unaitii ile sheria yangu ya mezani? Labda vyote viwili. Labda hata wewe hujui, mdomo ulitangulia tu, ulikuwa umeshazoeshwa. Ningekuuliza siku ileile ungeniambia. Lakini mimi nilikuwa na jibu langu tayari, na mtu mwenye jibu haulizi.

Ukapita msimu wa mvua. Ndipo nikapata ule mkutano wa wataalamu wa maji. Mratibu wao, dada mmoja mchangamfu wa Dar, akanipigia: "Mama, tuwekee kitu cha Kilimanjaro kwenye mifuko, ila kisiwe kahawa. Kahawa kila mtu anaweka." Nikafikiri siku mbili tatu. Halafu nikajiona nina akili kweli. Nikamwambia, ratiba tusizikunje. Tuziviringishe, kila moja tuifunge kwa jani la sale badala ya utepe. Ni jani refu, la kijani kibichi, linang'aa, na huku kwetu liko kwenye kila mpaka wa shamba. Akapiga kelele za furaha kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio.

Nilikwenda Kirua kuyakata shambani kwa bibi yako, mwenyewe akiwa misani. Nilijua muda wa misa, nikaenda muda huo. Hapo peke yake inatosha kukuonyesha kwamba nilijua ninachofanya. Bibi yako ndiye aliyenifundisha nilipoolewa: sale halikatwi hovyo, linakatwa kwa neno. Mimi nikalikata kwa ndoo. Nilikata mpakani kote, upande wa juu na upande wa mfereji. Yale ya kaburini kwa baba yako sikuyagusa, nikajipongeza kwamba nina adabu.

Hayakutosha. Mengine yalikuwa yanapasuka nikiyakaza. Nikawapigia simu watu wote ninaowajua wenye vihamba vyao vya migomba, nikawaambia nileteeni masale, yoyote mtakayoyapata. Siku ile nzima watu walikuwa wanaingia dukani na masale. Aliyeleta fungu, aliyeleta kwenye kikapu, mwingine kayabeba kwenye bodaboda kama majani ya ng'ombe.

Ukaingia wewe. Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimeibana simu kwa bega, yule dada wa Dar ananiambia mgeni rasmi amebadilika na jina lake libadilishwe kila mahali, na mimi mikono yangu inaviringisha ratiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ngoja."

Ukangoja. Nilipokata simu ukasogea. Ulikuwa umelishika kwa mikono miwili, hilo nalikumbuka sasa. Siku ile nililiona na halikuniambia kitu.

"Mama, nimekuletea."

Nikalitazama. Nikasema, "Moja tu?"

Ee Mungu wangu. Nikasema, "Moja tu? Moja litanisaidia nini, Aika? Weka hapo na mengine."

Hukuliweka. Nililichukua mwenyewe. Nikakuta limefungwa fundo katikati, fundo zuri limekazwa vizuri, nikasema, "Nani tena aliyelivuruga hili?" Nikalifungua. Nikalinyoosha juu ya paja kwa kiganja, nikafungia ratiba, nikaitupa kwenye boksi na nyingine. Wala sikukutazama. Nikakusukumia rundo: "Umekuja wakati mzuri, niviringishie hizi."

Ukaviringisha. Jamani, mwanangu, uliviringisha mpaka zikaisha! Mimi nikawa nakuibia jicho, nawaza: amekuja kunisaidia, anataka kuomba radhi bila kuomba radhi, anadhani nitayeyuka kwa kuviringishiwa karatasi. Nikasema moyoni, haitoshi. Atamke.

Ulipokuwa mlangoni ukasema, "Basi, mama. Nimekuelewa."

Nikadhani umeelewa mambo ya mgeni rasmi kubadilika.

Kesho yake mezani akaja mzee mmoja wa Marangu, mhandisi wa maji mstaafu, wamemwalika aseme mambo ya mifereji ya zamani. Nikampa mfuko, akaufungua palepale, akatoa ratiba. Alipoona kilichoifunga, akavua miwani.

"Mama, umenikosea nini?"

"Sijakukosea kitu, mzee wangu. Ni mapambo tu."

"Mapambo?" Akaligeuza lile jani. "Haya. Mimi nimeshakusamehe, sina namna."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Hakulitupa kama wenzake. Alilikunja polepole akalitia mfuko wa ndani wa koti, akaingia ukumbini. Mapumziko ya chai nilikuta masale mengine yamekanyagwa kwenye zulia, mengine yamo kwenye visahani pamoja na maganda ya mayai. Niliambiwa kosa langu wazi, kwenye meza yangu mwenyewe, kwa mzaha wa kiungwana, nami nikaona ni kichekesho cha kwenda kusimulia jikoni. Siku hizi najidanganya kwamba lile lako lilimwangukia yeye. Boksi lilikuwa limejaa, na uwezekano ni mdogo, lakini naomba niachiwe nijidanganye hapo.

Baada ya hapo tukawa kama tulivyo. Mimi nakungoja wewe uje, kumbe wewe umeshakuja na umeshaondoka. Krismasi tukapanda Kirua pamoja, ukakaa jikoni kwa bibi yako siku nzima, mimi nikakaa ukumbini na wageni, nikawaambia Aika anampenda sana bibi yake. Ulipopata nafasi ya kazi Kigoma ukaja kuniambia ukiwa umesimama. Nikasema, "Nenda, kazi ni kazi." Sikukuuliza kwa nini mbali hivyo wakati wenzako wanahangaika kubaki hapahapa. Majirani waliponiuliza niliwaambia vijana wa siku hizi wanapenda kuona nchi. Sasa ninajua kwa nini Kigoma.

Jumapili tulipopanda Kirua kuaga, ulipokuwa nje unapigwa picha na binamu zako, bibi yako alikuwa anamenya ndizi za machalari. Akanishika mkono kwa mkono wake wenye utomvu.

"Mke wa mwanangu," akasema. "Sikuwahi kukushukuru. Ulilipokea sale la huyu mtoto. Wako wazazi siku hizi wana mioyo migumu."

"Sale gani, mama?"

Akaacha kumenya.

Akanieleza yote. Kwamba ulipanda kwake unalia, ukamwambia ulilosema mbele ya wenzako. Kwamba yeye ndiye aliyekwambia ukakate kaburini kwa baba yako, "maana pale hataweza kukukatalia." Kwamba alitaka kumtuma baba yako mdogo alilete, kama inavyotakiwa, atangulie mtu mzima. Ukasema hapana, bibi, nilimkosea mimi, nitampelekea mimi.

"Na fundo nilimfungia mwenyewe," akasema, "kwa mikono yangu hii, na inavyotetemeka."

Aliposema fundo, vidole vyangu vilikumbuka kabla ya kichwa. Nikamwambia ukweli, nisingeweza kumficha: nililifungua, mama, nikalifungia karatasi. Akaziweka ndizi chini. Halafu akasema maneno ya Kichaga ambayo sitayaandika hapa, na nilistahili kila neno. Mwisho akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesema na mgeni: "Mtoto asiondoke hivyo."

Ukaniona nimetoka jikoni macho mekundu, ukaniuliza kama ni moshi. Nikasema ni moshi.

Tangu hapo nimekuwa nikijaribu kukwambia. Juzi nilikufuata chumbani nikaishia kukuuliza kama umepakia sweta. Jana nikakaa kabisa kitandani kwako, nikafungua mdomo, nikauliza basi linaondoka saa ngapi. Mdomo wangu umezoea "karibu sana, saini hapa, chukua mfuko wako". Kwa mambo mengine umekauka. Ndiyo maana naandika.

Huko uendako utakaa dirishani. Watu watakuletea vyeti vyao siku nzima, nawe utawapa dawa zao, na mikono yako itazoea, itafanya kazi yenyewe. Utasifiwa kwa hilo, kama mimi nilivyosifiwa. Nakuomba tu uiogope mikono iliyozoea. Yangu ilizoea mpaka nikawa nasoma beji ya mtu kabla ya uso wake, na hata mtoto wangu aliposimama mbele yangu nilitazama kilichomo mikononi mwake, nikaona ni kifaa cha kazi. Sina la kukufundisha zaidi ya hapo, na hilo nimelijua nikiwa nimeshachelewa.

Leo asubuhi nilikudanganya kwamba naenda kufuata karatasi. Nilipanda Kirua kukukatia sale. Nilimsalimia bibi yako, akanionyesha kwa kidevu tu kule kaburini, hakuinuka. Nikasimama pale kwa baba yako na kisu mkononi. Nikachagua moja, refu, halina doa. Nikalishika.

Halafu nikawaza: nikimpelekea Aika hili, atafanya nini? Atanisamehe. Atafanya nini kingine? Hana namna. Utalipokea kwa mikono miwili, utasema yamekwisha, utapanda basi, na mimi nitabaki Moshi miaka yote sijui kama aliyenisamehe ni wewe au ni mila. Uliponiletea lako ulinibana mimi, na ilikuwa haki yako kunibana, wewe ni mtoto na mimi ndiye niliyekuwa nimefunga mlango. Lakini mimi sitaki kukubana wewe. Nimekubana vya kutosha. Nikaliachia lile jani, nikashuka.

Kwa hiyo nakuomba nikiwa mikono mitupu. Nisamehe, Aika. Nisamehe kwa "moja tu". Nisamehe kwa siku ile ya wahasibu, na kwa yale maji ya msalani niliyoyamwaga badala ya kukufuata ukumbini nikuulize. Nisamehe kwa kukaa nakungoja mwaka mzima na zaidi kana kwamba mimi ndiye peke yangu mwenye moyo. Hili ninalokuomba unaweza kulikataa. Hakuna mtu Kirua nzima atakayekulaumu, maana hakuna atakayejua. Ukitaka kwenda nalo Kigoma ukalifikirie, nenda nalo. Ukitaka kunikasirikia kwanza, nikasirikie, nimeshajiandaa, na kusema kweli nitafurahi kuliko hizo shikamoo zako baridi.

Kosa lako limekwisha. Limekwisha leo, najua leo si siku uliyoniletea sale, lakini nimelipokea, na kila nikilifikiria nalipokea upya. Uliponiita mama wa mifuko hukukosea sana. Nilikuwa kweli mama wa mifuko.

Sasa nasikia geti. Ni wewe, nazijua hatua zako. Nitakupa hii, uisome hapahapa dukani, keti kwenye kiti changu. Mimi nitakaa mbele yako mpaka umalize, sitashika karatasi wala simu. Ukimaliza niambie lolote, hata kama ni hapana. Naogopa, mwanangu, lakini niambie.

Mama yako